Mwaka Nilipomwandika Maman Anjelika Mgeni

Juma lililopita nilikuwa Bukavu, kwenye matanga ya Maman Anjelika. Nilipewa kiti cha plastiki, heshima ya wazee, katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo, na wanaume waliobishana ni njia gani ya kumpeleka marehemu, kokote atakakozikwa, ambayo haina matope. Mbele yangu aliketi Mapendo, mjukuu wake, binti wa mtoto wake wa kiume, aliyemaliza chuo mwaka jana, akiandika katika simu yake tangazo la kifo lisomwe radioni jioni. Nilikuwa nikisoma juu ya bega lake, maana mwalimu akistaafu, macho yake hayastaafu. Aliandika jina, akaandika watoto, wakwe na wajukuu bila kumsahau hata mmoja, akafika mahali pa kusema marehemu alikuwa mtu wa wapi na atazikwa wapi. Hapo kidole kikasimama. Aliinua macho akatazama picha ukutani, uso ule mweupe wa bibi yake wenye madoadoa, pua nyembamba, kitambaa cha kitenge kichwani. Akawatazama wazee waliokuwa wanakunywa chai. Nikaona haya imemshika. Hakumuuliza mtu. Kidole kikashuka kikaandika "mkaaji wa mji wa Bukavu", maneno ambayo ni ya kweli na hayasemi kitu.

"Weka ile telefone chini," nikamwambia.

"Juu ya nini, koko?" akauliza; koko ndiyo bibi kwetu.

"Juu mimi nilishaandika kosa kama ile, mbele mama yako azaliwe. Kaa hapa, nikuambie namna ilikuwa."

Wanaosimulia maisha yao huanza na babu zao, wakapanda mlima mmoja, wakashuka mwingine, na wewe msikilizaji umeshalala. Mimi naruka. Nilikuwa na baba na mama, walinilisha, walinipeleka shule, Mungu awarehemu, na hawana kazi katika habari hii. Nianze na mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, katika mwaka ambao Zaïre ilikuwa imeshatuvua majina ya ubatizo, wanaume wamevaa abakosi, koti la serikali lisilo na tai, sisi wanawake tunafunga vitenge hata kwenye mvua ya upepo, na kila mtu anaitwa citoyen, yaani mwananchi, hata mlevi. Nilikuwa na diplome ya ualimu bila shule ya kufundisha. Nilikuwa pia na mwandiko. Juu ya mwandiko wangu siwezi kujifanya mnyenyekevu: herufi zangu zilisimama wima kama watawa kanisani, na ni kwa ajili yake nilipata kazi ya muda katika biro moja ya serikali, ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa la biro. Lilikuwa langu peke yangu.

Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba katika avenyu yetu, ule upande wa Kadutu unaopanda kuelekea Cimpunda, na kuandika watu wote katika daftari kubwa lenye jalada la kitambaa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi, dini, na safu ya mwisho, asili. Asili maana yake kabila, kijiji, na chifu wa huko. Shefu wa biro aliitwa Citoyen Bahizire, mtu mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, asiyecheka. Alinipa agizo moja tu. "Citoyenne Nsimire, unauliza, halafu unaandika. Usiandike mbele ya kuuliza." Nikaitika oui chef, nikafikiri moyoni, huyu ananiona mimi mjinga.

Ukitaka kuujua mji, shika daftari upige hodi. Nilikuwa nimeishi Bukavu miaka yote na kumbe sikuwa naijua. Bashi walikuwa wengi kuliko wote, na Mushi ukimuuliza asili hakupi kijiji tu, anakupa kilima, mto ulio chini ya kilima, na shemeji aliyehama. Kisha anakuuliza wewe wa wapi, na usipojibu vizuri hupati kiti. Barega wa Mwenga na Shabunda walinijibu wamesimama, kama watu wanaosoma sala. Kulikuwa na Batembo wa Bunyakiri, waliokuja na asali na mafuta ya mawese wakabaki. Bahavu wa kisiwani. Bafuliiru na Babembe kutoka kusini. Baluba wa Kasai waliofanya kazi za karani na kunisahihishia Kifaransa changu mlangoni. Na mwanajeshi mmoja kutoka Équateur aliyenijibu kwa Lingala na kukataa kabisa kusema mwaka wa kuzaliwa. Chini, kwenye barabara kubwa, walikaa Wahindi wa vitambaa, Wagiriki na Wareno wa maduka, na Wabelgiji waliobaki. Hao waliandikwa na mwenzangu, lakini nilipita mbele ya milango yao kila asubuhi. Jioni nilirudi nyumbani vidole vina wino na kichwa kimejaa vilima ambavyo sijawahi kuviona. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilijiona ni mimi niliyeukusanya mji.

Parseli ya Maman Anjelika, yaani kiwanja chake, ilikuwa katikati ya avenyu. Mbele palikuwa na chumba cha kuuzia mikate, na juu ya mlango maandishi ya rangi ya bluu, CHEZ KOSTAS, kwa Kostas. Nyuma palikuwa na ua wenye bomba moja la maji, tanuri la matofali, na vyumba sita vya wapangaji, kila chumba na lugha yake. Mkate ulipotoka alfajiri, ua wote uliamka kwa harufu. Makaa yakibaki, kila mwanamke alikuwa na haki ya kuingiza viazi vyake vitamu kwenye majivu, na hakuna aliyejua tena kiazi ni cha nani; saa sita za mchana sufuria zilikutana, bugali ya huyu, visamaki vya sambaza vya yule, mchicha wa lengalenga wa mwingine, na maneno mengi. Papa Kitoga, fundi wa kushona, Murega wa Mwenga, alikaa mlangoni na mashine yake akichokoza kila apitaye. Maman Ngalula, Muluba, ambaye mume wake alifanya kazi posta, alimjibu kwa niaba ya wote. Hao wawili walikuwa wanagombana tangu nilipokuwa mtoto na hakuna aliyeweza kula bila mwenzake.

Siku nilipofika na daftari, Papa Kitoga alinipa asili yake hadi nikakosa nafasi kwenye mstari. "Andika pembeni," akasema, "ile karatasi iko kubwa." Maman Ngalula akasema, "Mimi, andika Muluba wa Kasai, halafu upige mstari chini, ile Murega isome." Nikaandika, tukacheka. Kisha nikamgeukia Maman Anjelika, ambaye alikuwa anakanda unga, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

Sasa hapa Mapendo aliinamisha kichwa, kwa sababu alishaelewa. Mimi nilikuwa nimekula mkate wa mama yule tangu nilipoota meno. Avenyu nzima ilijua kuwa baba yake alikuwa Kostas, mfanyabiashara Mgiriki aliyerudi kwao kabla mtoto hajatambaa, na hakuna aliyelitamka. Kwetu mtoto hamuulizi maman wa umri ule baba yako ni nani. Ni kama kumvua kitenge mbele ya watu. Basi nilitazama ngozi yake, nikakumbuka maandishi ya bluu mlangoni, na kwa heshima yangu yote, heshima kabisa, nikaandika mwenyewe katika safu ya asili: Mgiriki. Nilikandamiza hata nukta.

"Ulishamaliza?" akaniuliza.

"Nilishamaliza, maman."

"Hauniulize kitu?"

"Hapana, maman. Inatosha."

Alinitazama kidogo, akafuta mikono, akanipa mkate wa moto niule njiani. Nikaula. Naukumbuka hadi leo ulivyokuwa mtamu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Miezi ikapita, kisha ikatangazwa kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa wenyeji. Wengine walishangilia, wengine walifunga milango mapema, na Muhindi wa vitambaa aliyezaliwa karibu na soko letu alikuwa anatembea barabarani kama mtu aliyepoteza kitu. Mimi sikuona inanihusu nini. Meza yangu ilitenganishwa na biro ya wakubwa kwa ukuta wa mbao nyembamba, na asubuhi moja nilisikia mtu anasoma orodha upande wa pili. Butike ya vitambaa, Muhindi. Duka la misumari, Mgiriki. Kisha: boulangerie, yaani duka la mikate, avenyu fulani, parseli fulani, Mgiriki. Sauti nyingine ikauliza, "Hiyo nani ameiomba?" Ya kwanza ikajibu, "Kuna citoyen mumoja ameshaiomba, pamoja na nyumba za nyuma. Atakuja kuangaria tanuri." Mkono wangu ulikuwa bado unaandika. Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakisomwa na mtu mwingine.

Nilimkimbilia Citoyen Bahizire. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, chef."

"Uliuliza?"

Nilitikisa kichwa. Alikohoa kwa muda mrefu, nikasubiri, nikatamani akohoe hadi jioni. "Daftari haifutwe na machozi, citoyenne," akasema. "Ulete watu wa kwao, ya asili kabisa, waseme mbele yangu. Si majirani. Majirani wanasema kila kitu. Uko na quinze jours, siku kumi na tano. Kisha ile siku, yule citoyen anakabiziwa funguo."

Nilipanda avenyu. Yule citoyen aliyeiomba nyumba alikuwa ameshanitangulia: abakosi mpya, viatu vya kung'aa, alikuwa anagonga tanuri kwa kidole kama anayechagua nazi, na kumuuliza Papa Kitoga wapangaji wana mahali pa kuhamia. Watu wa vyumba sita walikuwa wamesimama uani wakimtazama. Alipoondoka, Maman Anjelika alirudi kwenye unga wake. Nilipiga magoti kando ya meza nikamwambia yote, kwamba ni mimi, kwamba sikuuliza, kwamba niliona haya.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliendelea kukanda. "Uliona haya," akasema. "Baba yangu aliona haya, akapanda motokari. Wazungu waliona haya, wakanitosha, wakaniondoa kwa mama yangu, nikawekwa kwa masera, watawa, kule mbali, pamoja na watoto wengine wenye rangi kama hii. Masera waliona haya kuandika jina ya baba, wakaacha nafasi. Sasa na wewe, Nsimire, mutoto nililisha na mikono hii, unaona haya juu yangu. Mimi mwenyewe sijaona haya hata siku moja. Mungeniuliza, ningewaambia."

Nililia sana. Maman Ngalula alinipa kikombe cha maji na kuniambia ninyamaze, chumvi itaingia katika unga. Papa Kitoga ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi, mwenye diplome, sikuliuliza. "Basi, Anjelika, tuambie. Weye uko wa wapi?"

Akatuambia. Mama yake alikuwa wa Mumosho, kule kusini karibu na mto Ruzizi. Alipozaliwa yeye, babu yake alisema, mtoto huyu hana shamba la baba, basi nitamtafutia kilima. Na hapa ni lazima nieleze, kwa vijana wa siku hizi wanaojua karatasi tu. Kwetu Bushi, shamba lilipatikana kwa kalinzi. Ulimpelekea chifu ng'ombe, au mbuzi kama shamba ni dogo. Akiipokea, ardhi ni yako na ya watoto wako. Siku hiyo watu walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kila aliyekunywa alikuwa shahidi. Alikuwa amemeza ushahidi, hawezi kuutapika. Babu yule alipeleka kalinzi kwa jina la mtoto mchanga wa kike, mweupe, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mama yake alimsimulia hayo mara nyingi kabla ya lori la misheni kumchukua, na yeye alikuwa na miaka mitano. Mama alikufa yeye akiwa kwa masera. Tangu siku ya lori hakurudi.

"Kwa nini hukurudi, maman?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

"Niliogopa waseme hawanijue," akajibu.

Tuliondoka asubuhi ya pili yake, yeye na mimi, kwa miguu, na kikapu cha mikate kichwani pangu. Njia nzima hakusema mengi. Watoto walitukimbilia wakiita muzungu, muzungu, na kila mara walipoita, aliongeza mwendo. Tulifika Mumosho jua likiwa kichwani, tukaulizia ukoo wa mama yake, tukaonyeshwa ua wa ndizi ambamo bibi mmoja alikuwa anapepeta maharagi. Aliitwa M'Cirhuza, na alikuwa na jicho moja zima. Maman Anjelika alisimama mlangoni mwa ua. Mashi yake, lugha ya Bashi, ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano. Aliisema kwa maneno machache, jina la mama, jina la babu, na kisha maneno yakamwishia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu.

Bibi yule aliweka ungo chini. Alikuja polepole, akamshika sikio la kushoto, akalikunja, akaangalia nyuma yake. Sikujua anatafuta nini na hadi leo hakuna aliyeniambia. Kisha akapiga ukelele ambao uliwatoa watu mashambani. "Mtoto wa mbuzi," akaita kwa Mashi. "Mtoto wa mbuzi amerudi."

Walikuja mbio. Wakamshika mikono, mashavu, nywele. Mzee Murhula, mrefu, mwenye fimbo, alicheka hadi akakaa chini. Mbuzi yule wa kalinzi, akasema, alikuwa na mguu mmoja mweupe, na walipofika kwenye kijito alikaa katikati ya maji akakataa kuvuka. Babu alimbeba mabegani mbele ya chifu, kanzu imelowa, na watu wakasema mtoto huyu atakuwa mkaidi kama mbuzi wake. Kila aliyekunywa siku ile aliichukua hadithi nyumbani. Mumosho nzima ilikuwa imemhifadhi miaka yote, na yeye alikuwa mjini anaogopa. Walituonyesha shamba lake: ukoo ulikuwa umelilima kwa zamu, na hakuna aliyelipanda migomba yake, kwa sababu aliyepanda migomba anadai, na mwenye shamba alikuwa bado anangojwa. Maman Anjelika alikaa kwenye udongo akalia kwa sauti. Mimi nilikula maharagi na ndizi za kupika, sahani mbili, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nimekula tangu Bukavu.

Siku ya quinze jours ilipofika, walishuka. Walikuwa watatu tu waliobaki kati ya wale waliokunywa: M'Cirhuza, Mzee Murhula, na Mzee Rukeba ambaye alibebwa mgongoni na mkwe wake sehemu za kupanda. Nyuma yao walifuata wa ukoo, na walipopita avenyu yetu Papa Kitoga alifunga mashine, Maman Ngalula akavaa kitenge cha Pasaka, vyumba sita vyote vikatoka. Barega, Batembo, Baluba, Bafuliiru, wote wakashuka nyuma ya wazee wa Mumosho hadi mlango wa biro. Yule citoyen wa abakosi alikuwa ameshaketi kwenye gari lake, kioo kimeshushwa, anangoja funguo.

Citoyen Bahizire alisimama mlangoni akawatazama. "Nilisema majirani hapana," akasema.

"Majirani tunabaki inje," akajibu Papa Kitoga. "Tumekuja kuangaria."

Wale wazee watatu waliingia. Shefu alisema kwamba mtu anaweza kufundishwa maneno, na kwamba ameshaona vijiji vizima vikisema uongo kwa sauti moja. Nilidhani tumekwisha. Ni Mzee Murhula aliyemjibu, kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Basi tutenge, shefu. Mumoja-mumoja. Kila mutu aseme ile siku peke yake. Hatuna haraka."

Shefu alikohoa, akafikiri. Akamweka mmoja kwenye biro yake, mmoja kwenye chumba cha makaratasi, na Mzee Rukeba kwenye meza yangu, na aliniamuru nimfuate chumba kwa chumba nikiandika kila neno. Sijawahi kuandika vile maishani mwangu. M'Cirhuza alisema mbuzi, mguu mweupe, kijito, babu kabeba. Mzee Murhula alisema mbuzi, mguu mweupe, kijito, kanzu ikalowa. Mzee Rukeba alikuwa amesinzia. Shefu akamwamsha kwa mkono, mzee akafungua macho, akasema, "Ule mbuzi alikaa ndani ya maji," kama kwamba ndiyo ndoto aliyokuwa akiota. Nikaandika. Kisha shefu, ambaye hakuwa mjinga, akauliza swali la mwisho kwa kila mmoja: kasiksi ilikuwa namna gani?

"Tamu," alisema M'Cirhuza.

"Chachu kabisa," alisema Mzee Murhula. "Iliniumiza tumbo."

"Ilikuwa kidogo," alisema Mzee Rukeba kwa uchungu. "Ilikuwa kidogo sana."

Na hapo, Mapendo, nilimwona Citoyen Bahizire akicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alicheka hadi kikohozi kikamkamata, akashika meza. "Uongo wanapanga wote pamoja," akasema alipopata pumzi. "Wangekuwa wamepanga, pombe ingekuwa moja. Hawa walikunywa." Akavuta daftari kubwa, akalifungua mbele yangu. "Citoyenne, mwandiko ulioharibu ndiyo utengeneze. Lakini kwanza?"

Nikamgeukia Maman Anjelika, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti. Nikasimama wima, na mbele ya wakubwa wa biro, mbele ya wazee wa Mumosho, nikamuuliza lile swali, kwa sauti, hadi nje walinisikia. "Maman, uko mutoto wa nani, na uko wa wapi?"

Akajibu. Alitaja mama yake, akataja babu yake aliyembeba mbuzi, akataja kilima na kijito. Akataja pia Kostas, bila kuinamisha kichwa, na shefu akasema huyo hana safu. Nikapiga mstari mmoja juu ya neno langu la zamani, nikaandika juu yake: Mushi wa Mumosho, Zaïroise. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa yale maji siku ile, tone kwa tone, na kalamu ya biki ya bluu.

Kelele zilizopigwa nje sitaweza kuzieleza. Maman Ngalula na Papa Kitoga walikumbatiana, kisha wakakumbuka wakaachana. Maman Anjelika alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye gari la citoyen wa abakosi, akatoa mkate kikapuni, bado una joto, akampa dirishani. "Chukua, papa," akamwambia. "Usirudi na njaa." Yule mtu alitazama mkate, alitazama umati, akaupokea. Aliondoka akiwa anatafuna.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na sherehe uani. Wazee wa Mumosho walileta kasiksi kwenye mitungi, na Maman Anjelika hakuacha mtu ajichotee. Alichota mwenyewe, akapita na kikombe kwa kila mmoja: kwa Barega na Batembo, kwa Maman Ngalula, kwa mwanajeshi wa Équateur asiyetaka kusema umri wake, kwa Muhindi wa vitambaa, ambaye alikuwa ameshapoteza duka lake na alikaa kando, akidhani sherehe si yake. Juu yake hatukushinda, na furaha yetu haikumfaa kitu. Nalitaja hilo kwa sababu lilikuwepo. Maman alipofika kwangu, mdogo kuliko wote waliokunywa, alinishikia kikombe asikiachie. "Hawa watatu watakufa," akasema. "Kisha nani atasema nilikuwa wa wapi? Kunywa, Nsimire. Kunywa yote." Nikanywa. Kwa habari ya historia, ilikuwa chachu.

Nilipofika hapo, sombe ilikuwa imeshaiva na Mapendo alikuwa ameshika simu kifuani. Nilihesabu moyoni wale wa ule ua. Papa Kitoga alikufa Mwenga, Maman Ngalula kwao Kasai, Citoyen Bahizire na kikohozi chake, wazee wote watatu. Wakati huo mjomba wake mmoja alikuwa amesogea, kijana wa mjini, akauliza kwa upole kama si afadhali kumzika bibi karibu, hapa mjini, kwa sababu huko Mumosho nani bado anamjua, na nani atathibitisha.

Nilisimama. Magoti yangu hayasimami haraka siku hizi, lakini yalisimama. Ua wote ulinitazama.

"Andika, mwanangu," nikamwambia Mapendo. "Mushi wa Mumosho. Atazikwa kwenye kilima chake, juu ya kijito." Kisha nikamgeukia mjomba, na nilisema kwa sauti ile ile niliyotumia siku ya biro. "Uliuliza nani atathibitisha. Mimi. Mimi nilikunywa."